Mkono Usioacha Mkia

Dada yangu mdogo alitaka mikia. Hilo ndilo jina alilotoa yeye mwenyewe, na mpaka leo nami natumia hilo hilo. Alikuwa ameona kwenye simu video ya harusi ya watu asiowajua, bi harusi anazunguka na shela lake linabaki hewani nyuma yake, nakala juu ya nakala, kila moja imefifia kuliko iliyo mbele yake, mpaka zinaisha. Akanitumia. Kabla sijaimaliza akapiga simu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Sasa mimi nataka hiyo. Kila mahali watu wanacheza, weka mikia."

"Kila mahali itachosha macho."

"Kwani harusi ni ya nani?"

Ilikuwa yake, kwa hivyo nikasema sawa.

Kazi yangu ni video. Nina chumba kimoja katika soko la Kabati, Kitui, upande huu kinyozi, upande ule mama anayeuza nafaka, na ndani nina kompyuta, kiti cha mteja, pazia la kijani na feni inayozunguka stima ikiwepo. Napiga harusi, mazishi, kwaya, na siku za kufunga shule. Harusi za kwetu huwa nazikataa, maana ukishika kamera huwezi kuimba na wenzako, na chakula unakikuta kimepoa. Lakini huyu ni kitinda mimba wetu. Alisema akipigwa picha na mtu mwingine atajiona mgeni katika harusi yake mwenyewe. Nikakubali.

Harusi ilikuwa Kambu, kwa kina bwana harusi. Wazazi wake wana duka la vipuri kando ya barabara ya Mombasa, na kanisa lao liko nyuma ya maduka, karibu sana na barabara, hivi kwamba lori likipita na gia nzito mchungaji hukatiza maneno, anangoja, halafu anaendelea pale pale alipoachia. Sisi wa Kitui tulitoka alfajiri. Mimi nilikaa nyuma ya basi na mabegi yangu, Baba na Mama wakakaa mbele.

Baba ni mtu wa mbuzi. Amenunua na kuuza mbuzi tangu nikiwa sijazaliwa, akiwatoa Mwingi na hata mbele zaidi kwenye barabara ya Garissa, na kuwaleta huku kwetu. Ni mrefu, si msemaji, na kwa miaka mingi amekuwa katibu wa kanisa letu. Mimi huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Fimbo yake haimtoki. Akitembea huilaza mabegani nyuma ya shingo na kuitundikia mikono yote miwili, au huibana kwapani. Siku ya harusi Mama aliinyakua na kuificha chini ya kiti cha basi.

"Leo hupeleki mbuzi sokoni," akamwambia. "Unapeleka binti yako."

Watu wa basi walicheka. Baba naye alicheka.

Ibada ilikwenda vizuri. Baada ya chakula, chini ya tenti, emsii aliwaita wazazi wa bi harusi waje mbele na zawadi zao. Nilikuwa nimechoka mkono kwa kubeba kamera tangu asubuhi, kwa hivyo nikaiweka kwenye stendi pembeni mwa meza kuu, nikaielekeza kwenye ile njia ya katikati, nikaiacha. Shangazi wanne walitoka nyuma na mablanketi na sufuria vichwani, Mama mbele yao na kitenge cha njano, na Baba kando ya Mama. Joto la Kambu lilikuwa limemvua koti. Alikuwa na shati jeupe la mikono mirefu, na nyuma yao tenti ilikuwa imetandwa mapazia ya rangi ya damu ya mzee. Walikuja moja kwa moja upande wa kamera wakicheza polepole, kila hatua kwa mpigo wa wimbo. Nikaimba pamoja nao. Nilimwangalia Baba yangu kwa macho yangu mwenyewe, hatua kama thelathini, na sikuona kitu chochote.

Wiki iliyofuata nikaanza kazi ya mikia.

Si jambo gumu kulieleza. Video ni picha nyingi zilizopangwa mstari, kila sekunde ina picha ishirini na tano. Unachukua kipande, unakinakili mara tano au sita, unapanga nakala moja juu ya nyingine, kisha kila nakala unaichelewesha picha tatu nyuma ya mwenzake na kuififisha kidogo zaidi. Kitu kilichosimama hakibadiliki, kwa sababu nakala zote zinakionyesha pale pale. Kinachosonga ndicho kinachoacha alama, maana kila nakala inakikuta mahali tofauti. Ziko programu zinazofanya yote hayo ukibonyeza mara moja. Yangu ilikuwa ya zamani, na ilinibidi nipange kila nakala mwenyewe.

Nilianza na maharusi wakiingia kanisani, na hapo nikaharibu siku mbili. Nilikuwa nimewapiga nikitembea kinyumenyume na kamera mikononi. Kamera ikisonga, kila kitu kinasonga. Viti viliota mikia, madirisha yakaota mikia, mchungaji aliyesimama tuli madhabahuni akawa wachungaji sita. Nikamtumia dada yangu kidogo aone.

"Hii ni nini?" akauliza. "Kulikuwa na tetemeko?"

Ndipo nikatafuta vipande ambavyo kamera ilikuwa kwenye stendi. Vilikuwa vitatu. Cha kwanza, kwaya, hakikufaa. Nilikuwa nimeiambia programu ibakize kilicho cheupe zaidi kati ya nakala zote, na kwaya ilivaa majoho meusi mbele ya ukuta mweupe, basi ukuta ukawameza. Cha pili kilikuwa cha kukata keki, na pale mikono tu ndiyo iliyosonga. Cha tatu kilikuwa cha wazazi. Nguo za rangi nyepesi, pazia la rangi nzito, kamera imetulia. Hata ningepanga mwenyewe nisingepata kizuri kuliko hicho.

Nikapanga nakala zangu saa nne asubuhi, nikabonyeza, nikaiacha kompyuta ikichemka, nikaenda kunywa chai na mama wa nafaka. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Nikakaa, nikatazama.

Mama alikuwa na mabawa. Kila mkono wake ulipokwenda mbele na kurudi nyuma uliacha upepeo wa njano, kushoto na kulia, ukifunguka na kufunga kwa mpigo wa wimbo. Shangazi waliokuwa wameshika mizigo kwa mkono mmoja walikuwa na bawa moja moja, na vitambaa walivyopunga kwa mkono wa pili vikichora duara hewani. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikamtazama Baba. Upande wa kulia alikuwa na upepeo mweupe, mzuri kuliko wa wote. Upande wa kushoto hakuwa na kitu. Mkono ulikuwepo, umening'inia kando ya mwili, umekunjika kidogo kwenye kiwiko, na nakala zote sita ziliulaza mahali pamoja.

Nikadhani nimekosea. Labda nimekata fremu upande ule, labda shangazi amemziba. Nikafungua kipande cha awali kisicho na mikia, nikakipitisha polepole. Hapakuwa na aliyemziba. Mkono wa kulia ulikuwa ukicheza. Wa kushoto ulikuwa ukibebwa tu.

Nikajaribu kukumbuka jinsi Baba anavyotembea, na nilichokumbuka ni fimbo. Mabegani, kwapani. Sikuweza kukumbuka mara ya mwisho nilipouona mkono ule ukiwa huru.

Huwa sifuti video za kanisani. Nikatafuta ya siku tulipofungua kanisa letu jipya, miaka mitatu kabla ya harusi, ambapo Baba aliitwa aje mbele asome historia ya jengo. Alitoka kwenye kiti bila fimbo, shati jeupe, akatembea kati ya viti hadi mimbarini. Kamera ilikuwa imesimama. Nikaipangia nakala sita, kwa vipimo vile vile. Stima ikapotea katikati, ikarudi mchana, nikaanza upya. Ilipokwisha, niliona mabawa mawili, sawasawa, kushoto na kulia, kama mtu mwingine yeyote.

Nikafunga duka mapema siku hiyo. Kinyozi aliniuliza kama naumwa.

Jumapili nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi jikoni akichambua ndengu kwenye ungo, na mimi nikakaa kwenye kigoda nikamsaidia kutoa mawe. Sikutaka kumwonyesha chochote kwanza.

"Mama, Baba yuko aje?"

"Yuko. Ameenda kuangalia mbuzi."

"Hakuna kitu umeona?"

Aliendelea kuchambua.

"Vifungo," akasema mwishowe. "Siku hizi anafunga shati mpaka chai inapoa. Nikitaka kumsaidia anakasirika." Akapepeta kidogo. "Na ile siku sufuria ya muthokoi iliungua hapa, moshi mpaka kwa jirani, yeye ameketi tu hapo mlangoni. Nikamwambia, kwani husikii harufu? Akasema harufu gani."

"Na mkono?"

"Mkono gani?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha video zote mbili, ya kanisa kwanza halafu ya harusi. Mama si mtu wa kompyuta, lakini hakuhitaji kuelezwa. Aliitazama ya harusi mara tatu. Alipomaliza akaingia chumbani, akarudi na daftari la kumbukumbu za mikutano ya kanisa, ambalo Baba hulitunza kwenye sanduku la nguo.

"Hebu angalia hii," akasema. "Mimi nilifikiri anabana karatasi."

Kurasa za mwanzo maandishi ya Baba yalikuwa yale niliyoyajua, makubwa, yamelala upande wa kulia. Kadiri nilivyofungua yakawa madogo. Katika mkutano wa mwisho kila mstari ulianza wa kawaida na kuishia mdogo kama sisimizi, mpaka neno la mwisho halikusomeka.

Baba aliingia tukiwa tumeliinamia. Akalitazama daftari, akatutazama sisi.

"Mnanikagua?"

"Keti, Baba," nikamwambia.

"Nimesimama sawa."

Nikamwonyesha simu. Nilieleza mikia ni nini, na kwa nini mkono wake haukuacha wowote. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza akanirudishia simu.

"Mwaitu, hiyo mashine yako inachora watu. Inaweza kuchora vibaya."

"Haichori, Baba. Inarudia tu kile kiko."

"Mimi siumwi. Mkono hauniumi. Nabeba maji na huu mkono."

"Najua."

"Sasa?"

Sikujua ugonjwa wowote wa namna hiyo. Mama ndiye aliyeweka ungo chini, akasimama mbele yake, akamshika mkono wa kushoto, akautikisa kidogo kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango.

"Wewe," akasema, "ni mimi nimelala na wewe miaka arobaini. Huu mkono umekuwa mgumu. Utaenda hospitali, na kama hawataona kitu utarudi na utatucheka."

Baba alitazama nje, mbuzi wakiingia zizini. Kisha akasema nimwonyeshe tena ile ya kanisa. Aliitazama hadi mwisho, mpaka pale anapofika mimbarini na kufungua karatasi.

"Hapa nilikuwa natembea vizuri," akasema. Kisha akasema atakwenda.

Kituo cha kwanza cha afya walisema ni bega, ni umri, wakampa dawa ya kupaka. Alijipaka mwezi mzima, nyumba nzima ikanukia, yeye peke yake akawa hasikii harufu. Tuliporudi walituandikia barua ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu Nairobi. Nikafunga duka, tukaenda sisi wawili. Baba alivaa koti lile la harusi.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, na alizungumza na Baba moja kwa moja, si kupitia kwangu, jambo ambalo nilimshukuru kwalo kimoyomoyo. Alimwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kidole cha kushoto kilianza kwa bidii, kikapunguza, kikasimama. Alimpa kalamu aandike sentensi yoyote. Baba akaandika kwamba mvua bado haijanyesha Kabati, na neno Kabati likawa nukta tupu. Alimzungusha mikono kwenye viungo. Kisha akamwambia atembee kwenye korido, aende hadi mlango wa mwisho na kurudi.

Nikamwambia daktari nina video. Nikafungua ile yenye mikia. Aliitazama kidogo, akatabasamu.

"Hii mapambo sihitaji," akasema. "Nionyeshe ile ya kawaida."

Nikamwonyesha ya kanisa na ya harusi, zisizo na kitu. Alizitazama zote mpaka mwisho, akarudia sehemu, akahesabu hatua kwa kidole mezani.

"Ni nani aliona kwanza?"

"Ni mimi."

"Umesaidia," akasema, akaendelea kuandika.

Aliuita ugonjwa kwa jina lake, Parkinson, na akamweleza Baba kwamba kuna sehemu ndogo ya ubongo inayotoa kitu cha kuulainisha mwendo, na kwake kitu hicho kinapungua. Kwamba kwa watu wengi huanza upande mmoja. Kwamba kunusa huweza kupotea miaka mingi kabla, na maandishi hupungua, na sauti pia.

"Inapona?" Baba akauliza.

"Haiponi, mzee. Lakini ina dawa."

"Sijaelewa tofauti."

Daktari akaweka kalamu chini. "Unavaa miwani ya kusoma?"

"Ninayo."

"Imeponya macho?"

"Hapana."

"Lakini unasoma."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Aliuliza maswali mawili tu zaidi, kama ataweza kwenda sokoni, na kama watoto wake wataupata. La kwanza daktari alisema ndiyo, kwa miaka mingi. La pili alisema si rahisi.

Tuliingia hoteli ndogo karibu na hospitali kula. Baba aliagiza chai, akaikoroga kwa mkono wa kulia muda mrefu.

"Mwaitu, usiwaambie watu wa Kambu."

"Wakwe?"

"Wakwe, na dada yako. Ndiyo kwanza ameolewa. Asianze ndoa na habari ya mgonjwa."

Nilikubali, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu dada yangu alikuwa anangoja video, na ndani yake mkono ule ulionekana wazi. Alipiga simu wiki hiyo. Alipiga wiki iliyofuata. Nilimwambia kompyuta ina shida, nikamwambia stima, nikamwambia kuna mazishi. Siku moja akaniuliza, kwa sauti ambayo hajawahi kunitolea, "Ni nini nimekukosea?" Nikasema hakuna, akakata simu.

Nikarudi nyumbani kumwambia Baba siwezi tena. Nilimkuta akijifunza kutembea. Daktari alikuwa amemtuma kwa mtaalamu wa mazoezi katika hospitali ya huku kwetu, naye akamwambia apige hatua ndefu na kurusha mikono kama askari wa gwaride, akihesabu kwa sauti. Mama alikuwa nyuma yake kwenye njia ya kwenda silanga, bwawa la maji ya mvua, akimhesabia kwa Kikamba, na kila mkono wa kushoto ulipolegea alimgonga kiwiko kwa mwiko.

"Huyu si mke, ni koplo," Baba akaniambia akihema.

Nikamweleza habari ya dada yangu. Alifuta jasho, akaketi kwenye jiwe.

"Kwani video imeisha?"

"Imeisha zamani. Ni hapo tu kwako. Naweza kuondoa mikia sehemu hiyo, mtu asijue kitu."

"Mama yako umemwacha na yake?"

"Nimemwacha."

"Na shangazi zako?"

"Wote."

Alifikiri. "Basi usiniondolee. Ukinitoa hapo umenitoa kwa harusi." Kisha akasema nimpe simu. Alimpigia dada yangu mwenyewe, palepale juu ya jiwe. Sikusikia upande wa pili. Nilimsikia Baba akisema, "Hapana, sifi. Nimeambiwa nitembee kama askari." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Sasa unalia nini na wewe ndiyo ulitaka mikia?"

Hivyo ndivyo dada yangu alivyojua.

Walikuja mwezi huo, yeye na mumewe, tukaitazama video mchana sebuleni kwa wazazi, milango wazi, kuku wakiingia na kutoka. Dada yangu alikaa sakafuni akiegemea magoti ya Baba. Ilipofika sehemu ya wazazi, shangazi mmoja aliyekuwepo alipiga kigelegele kwa kuona mabawa yake. Dada yangu aliinua tu mkono akaushika ule wa kushoto, akaukalisha begani mwake, na ukabaki hapo mpaka video ilipokwisha. Mumewe alisema mikia imezidi kidogo. Nilimwambia amwambie mkewe.

Dawa zilichukua majuma kadhaa kupatana naye. Mwanzoni alizimeza pamoja na chakula, na chakula chetu ni maharagwe na mahindi, kumbe maharagwe huizuia dawa isifike inakotakiwa. Yule mtaalamu wa mazoezi akatueleza ameze kwanza, angoje saa nzima, ndipo ale. Tangu hapo tukaona tofauti. Vifungo vikarudi. Maandishi hayakurudi yote, lakini kanisa lilimpa msaidizi wa kuandika, na yeye akabaki kusoma.

Habari zilifika Kabati kabla yangu, na zilifika zikiwa zimebadilika. Ilisemwa kwamba nina kamera ya kuona magonjwa. Asubuhi moja nilikuta mama mmoja amekaa kwenye ngazi ya duka na mumewe, mtu mnene aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile.

"Dada," akaniambia, "tumekuja unipigie huyu. Anaumwa mgongo na wote wanasema hawaoni kitu."

Nilimweleza kwamba kamera yangu ni ya harusi. Kwamba haioni ndani ya mtu, haioni hata chini ya shati. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama bei ndiyo tatizo. Mume alikuwa tayari anatembea mbele ya pazia la kijani, aende na kurudi, akirusha mikono yote miwili kwa nguvu, akinitazama kila akigeuka aone uso wangu unasema nini. Sikuwasha kamera. Niliwaelekeza hospitali na nikawaandikia kwenye karatasi mambo ya kumwambia daktari, yameanza lini, yanazidi wakati gani. Walikuja wengine baada yao, kama watano hivi, na nikafanya vile vile. Mama wa nafaka aliwahi kuniambia nibadilishe kibao cha mlangoni.

Sikuacha kutengeneza mikia. Kwaya zinaipenda, hasa za vijana, na siku hizi nawaambia mapema wavae nguo nyeupe na nasimamisha kamera. Lakini nimepata tabia moja ambayo sikuwa nayo. Kabla sijafifisha nakala na kuzifunga pamoja, naitazama mikono ya kila mtu, kushoto na kulia, mmoja baada ya mwingine. Sijaona kitu tena, na natumaini sitaona.

Mwaka huu Baba ameacha kwenda Mwingi. Hakuambiwa aache, alisema soko lina msongamano na watu wanasukuma. Sasa wanunuzi wanamfuata nyumbani, na amegundua kwamba mbuzi anauzika vizuri zaidi mnunuzi akiwa amechoka kwa kutembea. Sauti yake ndiyo iliyopungua. Mtaalamu amemwambia asome kwa sauti kubwa kila siku, nusu saa, kama anasomea mtu aliye mbali. Kwa hivyo kila asubuhi, baada ya dawa na kabla ya chakula, huketi kwenye kiti uani, anafungua gazeti lolote tulilonalo, hata la mwaka juzi lililofungiwa sukari, na kuanza kusoma. Bei za mahindi, matokeo ya mpira, matangazo ya vifo vya watu tusiowajua. Juzi nilikuwepo. Alipofika katikati ya habari moja sauti yake ikashuka, na jirani wa ng'ambo ya ua, aliyekuwa akikama ng'ombe, akapaza sauti.

"Mzee, hapo sijasikia! Rudia!"

Baba akavuta pumzi, akarudi mwanzo wa mstari, akausoma tena, kwa sauti.